Kwa nini magadi huganda chini ya pipa

MTENGENEZAJI wa sabuni wa Njombe au Limuru akikoroga magadi soda jioni kwa maji ya uvuguvugu, asubuhi anaweza kukuta mabonge meupe kama barafu yameganda chini ya pipa. Wa kwanza kulaumiwa huwa muuzaji, kwamba kachanganya mzigo. Huenda hana kosa. Kosa ni la baridi.

Maji kilo 100 yenye joto la nyuzi 35 hubeba karibu kilo 49 za magadi makavu. Yakipoa hadi nyuzi 20 hubeba kama kilo 22, na kwa nyuzi 10 ni kilo 12 hivi. Kinachozidi hugeuka chenga na kushuka. Sabuni ya kuchotwa juu itakuwa dhaifu, ya chini itachoma mikono ya mteja, na mteja wa namna hiyo harudi. Kwa hiyo pasha maji kidogo, usitie magadi kuliko yale ambayo baridi ya usiku itayaacha yakiwa yameyeyuka, na ikiwezekana tumia siku hiyohiyo. Kuchemsha hadi maji yatokote ni kupoteza kuni tu, maana kupita nyuzi 35 maji hayaongezi uwezo, hupungua kidogo.

Viwanda vikubwa navyo vinaishi kwa tabia hiyohiyo. Katika Ziwa Magadi, Kajiado, ambako kampuni ya magadi ilianzishwa mwaka 1911 na tangu 2005 imo mikononi mwa Tata ya India, jua hukausha maji na magadi hutangulia kuganda, wakati chumvi ya kawaida bado imeyeyuka. Magadi huchimbwa, husagwa na kusukumwa kwenye bomba yakiwa yamechanganywa na maji ya ziwa lenyewe. Maji baridi ya mtoni yangeyayeyusha. Ya ziwani yameshashiba. Kisha hukaushwa kwa moto. (Magadi ghafi ya ukanda huo yana floraidi inayoharibu meno, mama lishe wakumbuke.)

Wasio na ziwa hutumia njia aliyoipata Mbelgiji Ernest Solvay mwaka 1861. Maji ya chumvi hutiwa amonia, kisha hewa ya ukaa itokanayo na mawe ya chokaa. Ndani yake hutokea baikaboneti ya sodiamu, ambayo maji kilo 100 hubeba chini ya kilo 10 tu, kwa hiyo hujitenga na kushuka. Huchujwa, huchomwa, magadi yamepatikana.

Ukijaribu ujanja huo kwa potasiamu, unagonga mwamba. Baikaboneti yake huyeyuka zaidi ya mara tatu ya ile ya sodiamu, na haishuki kwa urahisi. Kiwanda hulazimika kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi ya potasiamu kupata kostiki yake, ndipo hewa ya ukaa itiwe. Gharama ya umeme hiyo mnunuzi ndiye anayeilipa.

Bibi zetu hawakuhitaji umeme. Majivu ya maganda ya ndizi au ya maharage yana kaboneti ya potasiamu, ambayo maji kilo 100 hubeba zaidi ya kilo 100. Ukimimina maji kwenye chungu chenye matundu kilichojaa majivu, yanaondoka nayo, na chokaa hubaki. Maji ya kwanza ndiyo makali. Ya tatu ni ya kuoshea chungu.

Lithiamu ya betri za simu ina ukaidi wake. Kaboneti yake huyeyuka kama kilo 1.3 tu katika maji kilo 100 ya joto la kawaida, na maji yakichemka hushuka hadi kama 0.7. Ndiyo maana nchini Chile, maji ya chumvi ya Atacama yakishaanikwa juani na kusafishwa, humiminiwa magadi soda ya moto, na unga mweupe wa lithiamu hushuka papo hapo. Kwa hiyo siku hizi mwenye kiwanda cha sabuni na cha chupa wana mwenzao sokoni, naye ni mtu wa betri.