Saa za London na Saa Zetu

Mtu aendaye kukaa katika mji mkubwa wa ng'ambo huambiwa mapema habari za majumba marefu na magari ya moshi yapitayo chini ya ardhi. Hayo tuliyatazamia. Lakini sisi tuliotoka Afrika ya Mashariki kwenda London kwa masomo tulistaajabia zaidi mambo madogo ambayo hapana aliyefikiri kutuambia. La kwanza lilikuwa jua.

Kwetu jua ndilo saa. Likichomoza ni saa kumi na mbili ya asubuhi, au karibu yake. Likifika utosini ni saa sita. Likitua ni saa kumi na mbili ya jioni. Hesabu hii huenda sawa mwaka mzima, kwa kuwa tunakaa karibu na Ikweta, na mchana wetu hukaribia kulingana na usiku. Mkulima asiye na saa hakosei sana.

London haiwezekani hivyo. Mji huo uko nyuzi 51 na nusu kaskazini ya Ikweta. Mwezi wa Desemba jua huchomoza kama saa mbili ya asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kutua. Mwezi wa Juni hutua baada ya saa tatu ya usiku. Nasi tulikuwa tukilala huku mwanga ungali dirishani. Kwa ndugu zetu Waislamu jambo hili si dogo. Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia Juni, na aliyefunga London alikaa bila chakula wala maji kwa muda upitao saa 16.

Sababu yake ni nini? Dunia haikusimama wima mbele ya jua, bali imeinama kwa nyuzi 23 na nusu. Twaa chungwa, ulichome kijiti katikati, kisha ulipeleke kuizunguka taa, kijiti kikiinamia upande ule ule daima. Utaona ncha ya juu mara yaielekea taa, mara yaipa kisogo. Lakini tumbo la chungwa hupata mwanga karibu sawasawa. London iko upande wa ncha. Sisi tuko tumboni.

Waingereza walifanya shauri la kuutumia vema mwanga wao. Kwa sheria ya mwaka 1916 walianza kusogeza saa zao mbele wakati wa joto. Siku hizi husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi, na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo sisi huitangulia London kwa saa 3 wakati wa baridi, na kwa saa 2 wakati wa joto.

Wako wasemao ya kuwa kuhesabu saa kwa Kiswahili ni ujinga. Sivyo. Hesabu yetu imetokana na jua letu, nayo yafaa mahali petu. Aendaye London na aitazame saa ya ukutani, maana gari halimngojei mtu atazamaye mbingu. Na mwanafunzi aliye hapa asimike kijiti wima uani, apime kivuli cha adhuhuri kila mwezi. Atakiona kikiangukia kusini miezi mingine, na kaskazini miezi mingine. London kivuli hicho huangukia kaskazini daima.