Kulinda Darubini Isianguke

Darubini ya mtazamaji wa kawaida wa nyota huwa hatarini zaidi pale inapobadilisha mshiko: ikitoka sandukuni kwenda mikononi, mikononi kwenda kwenye stendi, au kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Ikiwa sandukuni imetulia, na ikiwa imebanwa juu ya stendi imetulia. Katikati hapo, kwa sekunde moja au mbili, hakuna anayejua kwa hakika ni nani au ni kitu gani kinachoibeba. Karibu kila njia ya kuilinda inalenga sekunde hizo.

Kitu kilichoachiwa kutoka kimo cha mita 1 hufika chini kabla nusu sekunde haijatimia, kikiwa na mwendo wa takriban kilomita 16 kwa saa. Mkono wa binadamu huchukua kama robo ya sekunde kuanza tu kuitikia kile ambacho jicho limekiona, kwa hiyo anayedaka lenzi inayoanguka amebahatika tu. Kinachoamua madhara ni mahali pa kutua. Lenzi ikitua kwenye saruji na kusimama ndani ya milimita 1, nguvu ya kishindo hufikia takriban mara 1,000 ya uzito wake. Ikitua kwenye mchanga uliotifuliwa na kuzama sentimita 5, nguvu hiyo hushuka hadi kama mara 20. Lenzi ni ileile na kimo ni kilekile.

Hesabu hiyo ina maana ya pekee Kitangari, mji mdogo ulio kaskazini mwa Newala juu ya uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania. Udongo wa sehemu kubwa ya uwanda huo ni wa kichanga, na uwanja uliofagiwa mbele ya nyumba ni mahali salama zaidi pa kusimamisha darubini kuliko baraza la saruji. Mkeka uliotandikwa juu ya mchanga huongeza usalama, tena huzuia skrubu ndogo isipotee gizani. Pana pia sababu nzuri ya kuitoa darubini nje huko. Kiangazi cha kusini huanza karibu na Juni na kuendelea hadi Oktoba, na katika miezi ya mwanzo ya kipindi hicho kundinyota la Nge na kitovu cha Njia Nyeupe hupita juu sana angani, karibu na utosi. Mbali na taa za miji mikubwa, anga hilo huonekana kwa utajiri ambao watu wengi wa Dar es Salaam hawajawahi kuuona.

Lakini nyota zilizo utosini huielemea stendi kwa namna yake. Mtungi wa darubini ukielekezwa juu kabisa, sehemu yake ya nyuma hushuka katikati ya miguu mitatu na huweza kuugonga mguu mmoja, na anayezungusha bila kuangalia huendelea kusukuma hadi stendi nzima ikainama. Dawa yake ni kuuzungusha kwa mkono taratibu, jicho likiwa kwenye miguu, kabla ya kuangalia ndani ya lenzi.

Stendi za kufuata mzunguko wa nyota zina tatizo jingine, ambalo vitabu vya maelekezo vya Ulaya na Marekani hulitaja kwa nadra. Mhimili wa stendi hizo huinuliwa kwa pembe iliyo sawa na umbali wa mahali kutoka ikweta. London, mhimili huinuka zaidi ya nyuzi 51 na uzito wa darubini hukaa karibu na katikati ya miguu. Newala na Kitangari ziko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mhimili hulala karibu sambamba na ardhi na kuelekea kusini, huku mzigo wote ukining'inia upande huo. Stendi iliyosimama imara Ulaya inaweza kupinduka Makonde bila mtu kuigusa. Ni lazima mguu mmoja wa stendi uelekezwe kusini, chini ya mzigo. Miguu ipanuliwe kadiri inavyoruhusu na isirefushwe zaidi ya inavyohitajika, kisha mfuko wa mchanga ufungwe katikati ya stendi ili uzito ushuke chini. Mchanga ukiwa laini mno, kipande cha ubao chini ya kila mguu huuzuia usizame.

Kusi huvuma kwa nguvu katika miezi hiyohiyo ya anga safi. Penye ukingo wa uwanda, kama Shimo la Mungu pale Newala ambapo ardhi inakatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma, mandhari huvutia watu kusimama, lakini upepo unaopanda kutoka bondeni unaweza kuisukuma darubini ndefu kama tanga. Nyuma ya nyumba au kichaka ni bora. Na stendi isiachwe peke yake hata kwa dakika moja ikiwa na darubini juu yake.

Mpangilio wa kufunga haubadiliki: stendi kwanza, kisha uzito wa kusawazisha, kisha darubini. Wakati wa kufungua ni kinyume chake, darubini itangulie kutoka. Anayeondoa uzito kwanza huukuta mtungi ukizunguka na kujibamiza kwenye stendi. Chini ya mtungi kuna reli inayoingia katika kibanio, na ni busara kuweka bolti ndogo kila ncha ya reli hiyo. Kibanio kikilegea, mtungi utateleza na kukwama kwenye bolti badala ya kufika chini. Nondo ya uzito wa kusawazisha nayo huwa na skrubu mwishoni, ambayo wengi huiacha sandukuni kwa kuona haina kazi. Ndiyo inayozuia kilo kadhaa za chuma zisiangukie mguu wa mtu.

Kagua kabla ya kuachia ni kanuni inayowahusu hata mafundi wakubwa. Tarehe 6 Septemba 2003, katika karakana ya Lockheed Martin huko Sunnyvale, California, setilaiti ya hali ya hewa iitwayo NOAA-N Prime iliteleza kutoka kwenye kigari chake wakati ikilazwa, ikaanguka sakafuni. Bolti 24 za kuishikilia zilikuwa zimeondolewa na watu wa kazi nyingine, na waliokuja kuigeuza hawakuhakikisha kuwa zipo. Ukarabati uligharimu dola milioni 135, na setilaiti haikurushwa hadi Februari 2009. Kwa darubini ya nyumbani ukaguzi huo ni wa sekunde chache: kuuvuta mtungi kidogo huku mkono wa pili ungali umeushika, na kuachia baada ya kuona haukusogea.

Watu wawili wanapopokezana, anayepokea atamke wazi, "Nimeshika," na anayetoa asiachie kabla ya kulisikia neno hilo. Mtungi ukilazwa mezani hata kwa muda mfupi, usiachwe ubingirike. Uwanda wa Makonde, ambao kwa vizazi vingi watu wake walishuka mabondeni kutafuta maji, una kifaa kinachofaa kabisa kwa kazi hiyo: ngata. Ngata mbili, moja kila upande, huushika mtungi wa darubini kama zinavyotuliza mtungi wa maji kichwani.

Vitu vidogo ndivyo vinavyoponyoka zaidi. Lenzi ya jicho hushikiliwa na skrubu moja au mbili tu, na darubini ikigeuzwa huku skrubu imelegea, lenzi huchomoka. Ibadilishwe juu ya mkeka, na inayotolewa iingie moja kwa moja katika mfuko wenye kifuniko, isiwekwe mapajani wala kwenye mfuko wa shati, ambao humwaga kila kitu mtu anapoinama. Kwa darubini za kioo, spana ya kurekebishia kioo kidogo cha mbele ni hatari kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa ikiponyoka huenda moja kwa moja juu ya kioo kikuu kilicho chini. Mtungi ulazwe kwanza, na spana ifungwe kamba kwenye kifundo cha mkono.

Kuna kuanguka kunakodhuru mtu kuliko kifaa. Tarehe 1 Septemba 2016 kupatwa kwa jua kwa umbo la pete kulipita kusini mwa Tanzania, na umati ulikusanyika Rujewa, Mbeya, kukutazama. Anayetazama jua kwa darubini hutegemea kichujio kinachovikwa mbele ya mtungi. Upepo au kiwiko cha mtoto kikikidondosha mtu akiwa ameweka jicho, jicho hilo huweza kuharibika daima kwa muda mfupi mno. Kichujio hufungwa kwa utepe wa gundi pande zote, na darubini ndogo ya kulengea huondolewa au kuzibwa.

Shuleni na vyuoni, kwa mfano katika chuo cha ualimu kama kile cha Kitangari, darubini moja huguswa na mikono mingi kwa usiku mmoja. Mtu anayeinama gizani hutafuta cha kushika, na akikosa hushika lenzi. Basi apewe cha kushika: fimbo imara iliyochomekwa ardhini mbele ya darubini, au mgongo wa kiti. Mtoto mfupi apandie kigoda badala ya kuvuta mtungi chini. Vitambaa vyeupe vilivyofungwa kwenye miguu ya stendi humwonyesha anayepita mahali pa kutokanyaga, na umande ukianza kutanda mtungi ufutwe, kwa kuwa chuma kilicholowa huteleza mkononi.

Mahali ambapo darubini hutumiwa na wengi, umbo lililobuniwa na John Dobson huko San Francisco katika miaka ya 1960 linastahili kupewa nafasi ya kwanza. Mtungi hukaa ndani ya sanduku pana la mbao lililo karibu na ardhi, bila miguu ya kujikwaa wala mzigo unaoning'inia. Seremala yeyote mzuri wa Newala au Masasi anaweza kulitengeneza kwa plaiwudi.

Safarini, mtetemo wa barabara ya vumbi hulegeza skrubu moja baada ya nyingine, na darubini iliyofika salama kwa bodaboda inaweza kuangukia uwanjani kwa sababu ya safari ya mchana. Sanduku la mbao lililojazwa sponji ya godoro, iliyokatwa kufuata umbo la mtungi, hupunguza mtetemo huo. Skrubu zote zikazwe tena baada ya kufika.

Ikianguka hata hivyo, isitikiswe kusikiliza kama kuna kilichovunjika. Mchanga ulioingia kwenye lenzi hupulizwa kwa pampu ya mpira, kamwe haufutwi kwa kanga, kwa sababu chembe zake hukwaruza. Baada ya hapo darubini huelekezwa kwenye nyota angavu, na picha huvurugwa kidogo makusudi. Mviringo wa mwanga wenye duara zinazoshiriki kitovu kimoja unaonyesha kwamba vioo havijahama. Ukiegemea upande, skrubu za kioo zinahitaji kurekebishwa, kazi ya nusu saa kwa aliyeizoea. Lenzi iliyomeguka pembeni haitupwi: mmeguko hupakwa wino mweusi ili usitawanye mwanga, na Zohali huendelea kuonekana na pete zake.