Athropoda: Kuwatambua kwa Picha za Mtandaoni

Swali la athropoda mara nyingi huja na picha: unaonyeshwa mnyama, kisha unatakiwa kutaja ngeli yake na kutoa sababu. Wanafunzi wengi hujiandaa kwa kutafuta picha kwenye simu. Njia hiyo ni nzuri, hasa pale ambapo maabara haina vielelezo. Tatizo ni kwamba wengi husoma jina lililo chini ya picha bila kumtazama mnyama mwenyewe. Kwenye mtihani, jina hilo halitakuwepo.

Sifa za athropoda wote
- Mwili umegawanyika katika pingili.
- Miguu ina viungo.
- Mwili umefunikwa na kiunzi cha nje chenye kaitini. Kiunzi hiki hakikui, hivyo mnyama hujivua ili aongezeke ukubwa.

Ngeli tano za kukumbuka
1. Wadudu (mende, panzi, mbung'o): kichwa, kifua na tumbo, jozi 3 za miguu, jozi 1 ya vipapasio.
2. Araknida (buibui, nge, kupe): jozi 4 za miguu, hawana vipapasio wala mabawa.
3. Krasteshia (kaa, kamba): jozi 2 za vipapasio, wengi huishi majini.
4. Diplopoda (jongoo): jozi 2 za miguu katika pingili nyingi.
5. Kilopoda (tandu): jozi 1 ya miguu katika kila pingili ya kiwiliwili, jozi ya kwanza imegeuka kuwa kucha zenye sumu.

Namna ya kujifunza kwa picha
Tafuta picha kwenye mtandao kama iNaturalist, ulioanzishwa mwaka 2008. Humo watu huweka picha za viumbe walioonekana mahali mbalimbali, na wengine husaidia kuwatambua. Jina lililotolewa na mtu mmoja lichukue kama pendekezo tu. Kisha fuata hatua hizi:
(a) Ziba jina kwa kidole.
(b) Tafuta vipapasio: vipo? Ni jozi ngapi?
(c) Hesabu miguu.
(d) Andika ngeli na sababu mbili daftarini, ndipo ufunue jina.

Kama bando ni dogo, hifadhini picha kumi kwenye simu moja na mjadiliane kwa kikundi.

Mitego miwili
Nge akitazamwa haraka huonekana ana jozi 5 za miguu. Ile jozi ya mbele yenye koleo si miguu. Ni pedipalpi, anazotumia kukamatia mawindo.

Mtego wa pili ni kupe. Kupe aliyetoka kwenye yai ana miguu 6 tu. Akishajivua na kuwa nimfu anakuwa na miguu 8. Mwanafunzi anayehesabu miguu peke yake atamwita mdudu na kukosa alama. Tena, kichwa-kifua na tumbo la kupe vimeungana, hivyo usitegemee kuona sehemu mbili za mwili. Kinachokuokoa ni vipapasio: kupe hana katika hatua yoyote ya maisha yake. Ndiyo maana hatua (b) imetangulia (c).

Mfugaji naye anahitaji kuwajua wanyama hawa. Kupe hueneza ndigana kali kwa ng'ombe, na mbung'o hueneza nagana. Kupe hukaa akinyonya damu kwa siku kadhaa. Mbung'o hunyonya kwa muda mfupi na kuruka. Njia za kuwadhibiti haziwezi kuwa zilezile.

Jipime
1. Picha inaonyesha mnyama mwenye miguu 6, asiye na vipapasio wala mabawa, amejishika sikioni mwa ng'ombe. Taja ngeli yake na utoe sababu.
2. Kwa nini athropoda hujivua?

Majibu
1. Araknida. Hana vipapasio, miguu 6 inaonyesha ni kupe mchanga ambaye hajawa nimfu.
2. Kiunzi cha nje hakikui pamoja na mwili.