Sabuni na Uji wa Muhogo katika Maji ya Kunyunyizia

Mkulima anyunyizapo maji matupu juu ya jani la kabichi, huona matone yakisimama kama shanga, kisha yakiporomoka chini. Sababu yake ni kwamba jani hilo lina nta, na nta na maji havipatani.

Sabuni ndiyo ipatanishayo. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao. Mikia huelekea kwenye nta, vichwa hubaki majini, na tone hutandaa. Kwa njia iyo hiyo maji ya sabuni huwaenea vidukari mwilini na kuwaua. Lakini huua yangali mabichi tu. Yakiisha kukauka hayana nguvu tena.

Wako wakulima watiao uji mwepesi wa muhogo katika maji hayo, ili dawa igande. Nia ni njema, ila yafaa wajue yatokeayo ndani ya debe. Wanga wa uji una nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho. Baadhi yake hujisokota kuuzunguka mkia wa sabuni, zikaushika kama ala ishikavyo kisu. Sabuni iliyoshikwa hivyo haiendi tena kwenye jani. Basi mtu aliyepima sabuni sawasawa huenda akaona matone yakisimama tena kama shanga, na vidukari wazima, akailaumu sabuni bure. Nyuzi hizo zikiisha kushiba, ndipo sabuni izidiyo huwa huru kufanya kazi yake.

Fanya hivi:

1. Tumia maji ya mvua. Maji yenye chokaa huigandisha sabuni ikawa utando mweupe usiofaa kitu.

2. Yeyusha gramu 10 hadi 20 za sabuni isiyotiwa dawa ya kung'arisha nguo katika kila lita ya maji.

3. Dondosha tone juu ya jani. Likitandaa, ni vema. Likisimama, na uji umo, huenda sabuni imeshikwa. Yamwage, utengeneze mengine bila uji.

4. Jaribu kwanza majani machache, ungoje siku 2. Yakiungua, punguza sabuni.

5. Nyunyiza asubuhi au jioni, hasa chini ya majani, ndiko wadudu wajifichako.

Kwa vidukari, sabuni peke yake yatosha. Muhogo na ubaki chakula.