Umeme wa jua unaobaki mchana: je, mama wa Niemba anaweza kuuuza?

Juma lililopita, katika mkutano wetu wa likelemba, swali moja lilichukua saa mbili nzima, hata pesa za mzunguko tulizihesabu kwa tochi ya simu. Swali lenyewe lililetwa na muuzaji wa plake za jua aliyepita hapa akitoka mjini. Aliwaambia wenzetu hivi: nunueni plake kubwa, wekeni na onduleri, mita itazunguka kurudi nyuma na kampuni ya umeme itawalipa kila mwezi. Alichotaka ni pesa zote za mzunguko wa mwaka huu, na deni juu yake.

Hatukumjibu siku ile. Pesa hizo ni za wamama waliouza mihogo na ndagala tangu mwaka uanze, na ndani yake kuna karo za watoto. Tulitaka kwanza kufahamu neno alilosema, kwa sababu si uongo. Mita kurudi nyuma ni kitu kilichopo duniani. Kinachobaki ni kujua kipo wapi, na kwa masharti gani.

Plake ya jua inafanya kazi nyingi saa ambazo sisi hatuko nyumbani. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa inatoa umeme kwa nguvu, na wakati huo tuko shambani au sokoni. Usiku, tunapotaka taa, plake imelala. Kwa hiyo umeme wa mchana lazima uwekwe mahali. Njia tunayoijua ni batri. Njia nyingine ni kuupeleka kwenye waya wa kampuni, uwashe taa na friji za watu wengine, halafu usiku nawe uchukue wa kampuni. Mita inaandika ulichotoa na ulichochukua, na mwisho wa mwezi unalipa tofauti tu.

Ni kama kumpa jirani makopo ya unga wa muhogo. Leo umetwanga mwingi, unampa makopo matano. Kesho huna, unakwenda kwake na kopo lako. Hamlipani franka, mnakumbuka tu nani anamdai nani.

Huko Marekani jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1983, na majimbo mengi yalifuata. Karibu na kwetu, Kenya iliiweka katika sheria yake ya nishati ya mwaka 2019, kwa mitambo isiyopita megawati 1, na kanuni zake zilitoka mwaka 2024. Lakini sikilizeni masharti ya Kenya: ukipeleka uniti mbili kwenye waya, unahesabiwa moja. Tena hulipwi pesa mkononi, inapunguzwa kwenye bili yako tu.

Tufanye hesabu, maana hapo ndipo wengi walipotoka macho mkutanoni. Mama mmoja wa Mombasa ana plake zinazotoa uniti 300 kwa mwezi. Mchana anatumia 120 papo hapo. Zinazobaki 180 zinakwenda kwenye waya. Usiku anachukua 150 kutoka kwa kampuni. Kama hesabu ingekuwa moja kwa moja, angekuwa hadaiwi uniti hata moja, na angebaki na akiba ya 30. Kwa hesabu ya nusu, zile 180 zinakuwa 90. Anachukua 150, basi analipia 60. Amepata nafuu kubwa, ndiyo, lakini kila mwezi bado ni yeye anayelipa. Hakuna mshahara unaokuja nyumbani kwake.

Kwa nini kampuni zinakata nusu? Wanasema nguzo, transfoma na mafundi vinataka pesa, na mtu anayetumia waya kama ghala lake lazima achangie ghala. Hata California, ambako jua la juu ya paa limeenea sana, tangu Aprili 2023 wanaojiunga upya wanahesabiwa kidogo kuliko wale wa zamani. Sisi tunaona hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ingawa kampuni inayokata umeme kila siku haina haki sana ya kuisema.

Sasa turudi kwetu. Ili umeme wako urudi kwenye waya, waya lazima uwepo. Reli tunayo tangu wakati wa Wabelgiji, lakini waya wa SNEL nyumba nyingi za huku hazina. Umeme wa mjini Kalemie wenyewe unatoka mbali, kwenye mtambo wa maji wa Bendera. Mtu asiye na waya hawezi kupeleka kitu chochote popote, hata akinunua plake za kufunika kanisa.

Na mwenye waya anahitaji mita inayohesabu pande mbili, tena mkataba ulioandikwa na kampuni inayompa umeme. Ni kweli sheria ya nchi yetu ya 17 Juni 2014 ilifungua mlango ili wengine pia, mbali na SNEL, waweze kuzalisha na kuuza umeme. Manono, humu humu katika jimbo letu la Tanganyika, kuna mtambo wa jua wa megawati 1 wenye batri zake, na Goma kuna kampuni inayouza umeme wa jua kwa mtaa mzima. Lakini hao ni wauzaji wanaouza kwa wananchi. Mama mmoja na plake zake juu ya bati ni habari nyingine. Muuzaji akikuambia SNEL itakulipa, mwambie akuonyeshe karatasi ya SNEL yenyewe, si karatasi yake yeye.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakulisema, na kwetu sisi ndilo zito kuliko yote. Onduleri ya kawaida ya kuunganishwa na waya inajizima yenyewe umeme wa kampuni ukikatika. Haijaharibika, imetengenezwa hivyo. Fundi akipanda nguzo akijua waya umekufa, umeme wa plake zako ungeweza kumuua. Kwa hiyo nyumba yenye plake nyingi bila batri inakaa gizani pamoja na majirani, hata jua likiwa utosini. Kwa mama anayetaka taa mtoto asome usiku, au kwa mkunga anayeshika lampi wakati mwenzake anajifungua, chombo hicho hakisaidii. Huku kwetu batri ndiyo ghala.

Hebu tupime. Plake ya wati 100, jua zuri la saa tano, inatoa kama wati-saa 500. Toa kinachopotea njiani, hesabu 350, na siku za mawingu ya masika hesabu nusu yake au chini. Taa nne za wati 5, zikiwaka saa tano, zinakula 100. Simu kumi zinakula kama 100 nyingine. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba 1200, lakini ile ya risasi usiiteremshe chini ya nusu, itakufa mapema. Tena iwekwe juu, mbali na watoto, mahali hewa inapita: maji yake ni asidi, yanachoma ngozi na macho.

Mnaona basi kwamba hata plake ndogo ina umeme unaobaki siku za jua. Huo tunaweza kubadilishana sisi wenyewe bila SNEL. Wazo lililotolewa na wamama wawili wa kikundi, nasi tunaliunga mkono, ni plake na batri moja ya kikundi karibu na soko: mchana inachaji simu na taa za kubeba, na daftari linaandika nani ameleta nini na amelipa ngapi. Mwenye plake nyumbani anaweza kuchajia wengine siku yake inapozidi, akaandikiwa, kisha akachaji bure siku ya mvua. Ni ile hesabu ya makopo ya unga. Mashini ya kusaga tusiiguse kwanza, inakula umeme mwingi kupita uwezo huo.

Tutaamua Alhamisi baada ya soko. Waliopewa karatasi ya bei na yule muuzaji waje nayo, tuisome pamoja mstari kwa mstari: wati za plake, ampea-saa za batri, na garanti ni ya miezi mingapi. Na mweka hazina asitoe hata franka moja kabla ya hapo.