Mtoto, Jiko na Moshi wa Plastiki

Hebu tazama nyumbani kwako. Nani anatumwa dukani? Nani anafagia uwanja asubuhi na kuchoma taka? Nani anawasha jiko la mkaa? Mara nyingi ni mtoto. Plastiki za nyumbani hupitia mikononi mwake. Ndiyo maana sisi wa elimu ya watu wazima tunasema somo la taka hizi lianzie shuleni, na mzazi alipokee.

Huku Bagamoyo tatizo tunaliona kwa macho. Mvua kubwa ikinyesha, mito kama Ruvu na Mpiji husomba chupa na vifuko mpaka baharini. Maji yakijaa, bahari inaturudishia ufukweni na kwenye mikoko. Kasa naye akiona mfuko unaelea hudhani ni yavuyavu, akaumeza. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni, 2019. Zanzibar walitangulia mwaka 2006. Lakini chupa, makopo na vifungashio bado tunavyo.

Hatari iliyo karibu zaidi iko jikoni. Wengi wetu huwashia mkaa kwa kipande cha rambo au cha ndoo iliyovunjika. Kweli, moto unashika upesi. Lakini plastiki ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Moshi huo huwasha macho, huleta kikohozi na kuumiza mapafu. Mtoto aliye mgongoni mwa mama naye anauvuta. Kuchoma uwanjani ni yale yale. Na shule inayochoma plastiki karibu na madarasa iache kwanza, ndipo ifundishe!

Makopo yaliyotupwa nayo hukusanya maji ya mvua, na humo mbu wa dengue hutaga mayai. Mbu huyu huuma mchana, hangoji chandarua. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019.

Wengine watasema, "Mtoto anifundishe mimi?" Jamani, miaka ya 1970 vijana waliomaliza darasa la saba waliwafundisha wazee kusoma, na heshima haikupotea. Mtoto aseme kwa adabu: "Shikamoo bibi. Mwalimu ametuambia moshi wa plastiki unadhuru kifua. Nikuletee makumbi?"

Makumbi na vifuu vya nazi pwani tunavyo. Mtoto aanike na kuweka akiba ndani kabla ya masika. Yakilowa hayashiki moto, na hapo ndipo watu hurudia rambo.