Usalama na Afya: Saa mbili za avio, siku nzima ya kuchoka



Sisi tulio na jamaa Kabondo, mjini Kisangani, tunapenda kusema: « Toka Kinshasa si mbali, ni saa mbili tu kwa avio. » Ni kweli. Lakini saa hizo mbili si safari yote. Tuhesabu pamoja.

Kwa njia ya hewa, toka Kinshasa mpaka Kisangani ni karibu kilometa 1200. Kwa mto ni kilometa 1734. Avio inayokwenda kilometa 800 kwa saa humaliza njia hiyo kwa saa moja na nusu. Ongeza kupanda na kutua, utapata karibu saa mbili.

Sasa tazama saa ya mkono. Kisangani iko mashariki, jua linafika huko mbele ya Kinshasa, na saa ya Kisangani imetangulia kwa saa moja nzima. Ukitoka Kinshasa saa nne ya asubuhi, utakuta Kisangani ni saa saba. Ukirudi, ukitoka Kisangani saa nne, utakuta Kinshasa ni saa tano tu. Avio haikukimbia zaidi: ni saa za miji zinazoachana.

Jambo hili lagusa afya. Munganga akikuandikia dawa kila saa 12, nawe ukaimeza Kinshasa saa moja ya asubuhi, Kisangani utaimeza saa mbili ya usiku, si saa moja.

Lagusa na kazi pia. Mtu aliyeamka Kinshasa saa kumi ya alfajiri, akangoja uwanjani, akaruka, kisha akashika barabara toka Bangboka, akaingia poste ya saa nne ya usiku siku ileile, amekwisha kukaa macho saa 17. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu wa namna hiyo hupungukiwa na uangalifu sawa na mtu aliyekunywa pombe. Je, utampa mashine ya kuendesha?

Usinungunike avio ikichelewa kwa sababu ya mvua. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 iliyotoka Kinshasa ilianguka ikitaka kutua Bangboka katika hali mbaya ya hewa. Watu zaidi ya 70 walikufa. Afadhali kuchelewa.

Kwa hiyo tushike haya:

1. Konje iishe nyumbani, si njiani. Rudi siku moja mbele ya poste yako.
2. Ukifika, rekebisha saa yako na saa za dawa.
3. Katika avio kunywa maji, acha pombe, nyosha miguu.
4. Ukichelewa na hukulala, mwambie shefu wako waziwazi. Si haya.

Kazi itakungoja siku moja. Watoto wako wanakungoja siku zote.